"Break" si kuvunja tu: wafasiri, walimu, wauguzi, tupeane uzoefu

Kalamu_ya_Mkaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Neno hili linawaangusha wafasiri wengi kuliko msamiati mgumu, maana kila mtu anaamini analijua: break ni kuvunja, basi. Matokeo yake tunasoma "kamba imevunjika" na "maji yake yamevunjika".

Kiingereza hapa kinasema tu kwamba kilichokuwa kizima si kizima tena. Kiswahili hakiridhiki na hilo, kinauliza ni kitu gani. Fimbo, sahani na mfupa huvunjika. Kamba, uzi na waya hukatika. Nguo na karatasi huchanika, tairi na bomba hupasuka, ukuta hubomoka, mkate na ugali humegwa. Nazi nayo ina utaratibu wake: hufuliwa kwanza kuondoa makumbi, ndipo ivunjwe, ndipo ikunwe. Kwa hiyo ukiona break, iache kwanza, tafuta nomino iliyo jirani yake.

Kila mwenye fani aweke ya fani yake. Visa vya maisha tuviache, tuwekeane kanuni na mifano inayofanya kazi.

Ticha_wa_Zamu

Naanza na darasani. Umbo: break, broke, broken. Makosa makubwa ni matatu.

La kwanza, broke peke yake baada ya "am" au "is" halimaanishi kuvunjika. "I am broke" ni nimeishiwa, sina hela, au kama vijana wanavyosema, nimefulia. Mwanafunzi akitaka kusema simu yake imevunjika akaandika "my phone is broke", kwa Kiingereza sanifu amekosea, aandike broken.

La pili ni tahajia. Break na brake hutamkwa sawasawa kabisa. Breki za gari ni brake. Ukiandika "the car has no breaks" umesema gari halina mapumziko.

La tatu ni kauli. Kiingereza hutumia kitenzi kilekile kwa mtenda na kwa kitu: the child broke the glass, the glass broke. Sisi tunabadilisha: mtoto amevunja glasi, glasi imevunjika. Ukikutana na "the glass was broken" simama kidogo, kwa sababu lina tafsiri mbili: ilikuwa imevunjika (hali tu), au ilivunjwa (kuna aliyefanya). Mara nyingi sentensi inayofuata ndiyo huamua.

Visawe sasa. Havibadilishani ovyo:
- crack: kuingia ufa, kitu bado kimeshikana
- chip: kipande kidogo kimetoka ukingoni, kama kikombe chenye pengo
- snap: kukatika ghafla kwa mlio, kama tawi kavu au penseli
- shatter: kutawanyika vipande vidogovidogo, hasa kioo
- smash: kuvunja kwa nguvu, mara nyingi kwa kupiga au kutupa
- burst: kupasuka kwa msukumo wa ndani, kama puto au bomba
- split: kupasuka kwa kufuata mstari, kama gogo

Na tear ndiyo ya nguo. Hakuna Mwingereza anayesema ame-break shati.

Wodi_Namba_Tatu

Asante mwalimu. Upande wa afya kosa linaweza kuumiza mtu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

"Her water broke": sisi tunasema chupa imepasuka. Programu za kutafsiri zikikupa "maji yamevunjika", futa. Mama mjamzito anatakiwa aelewe mara moja, kwa sababu chupa ikipasuka anapaswa kwenda kituo cha afya hata kama uchungu haujaanza.

"Do not apply to broken skin", maandishi ya kwenye mirija ya dawa za kupaka: usipake kwenye ngozi iliyochubuka au yenye jeraha. Ngozi haivunjiki.

"Do not break the tablet": usikivunje wala kukimega kidonge. Ikiwezekana ongeza sababu. Vidonge vinavyotoa dawa polepole ukivigawa, dawa iliyopangwa kwa saa nyingi huingia mwilini kwa mkupuo. Mstari wa katikati mara nyingi ndio alama kwamba kinagawika, ila muulize mfamasia, maana si kila mstari una maana hiyo.

"The fever broke" ni homa imeshuka.

Halafu fracture na break. Wengi hudhani fracture ni ufa mdogo na break ndiyo kuvunjika kwenyewe. Kitabibu ni kitu kimoja. Fracture ni jina la kitaalamu tu. Ufa mwembamba huitwa hairline fracture. Tahadhari nyingine ni kuteguka: Kiswahili chetu hulitumia kwa kiungo kilichotoka mahali pake na hata kwa kano zilizovutika, wakati Kiingereza kina dislocation na sprain. Mgonjwa akisema ameteguka, mkalimani asichague mwenyewe. Aulize.

Mkalimani_Mombasa

Mahakamani usistaajabu kuona "breaking" pasipo kitu kilichovunjika. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 303, inahesabu kuwa ni "break" hata kufungua mlango au dirisha lililofungwa kwa kusukuma, kuvuta au kuinua. Ukimtafsiria mshtakiwa "ulivunja nyumba", atajibu kwa haki kabisa, "mlango haukuvunjika." Salama zaidi: "uliingia kwa kufungua au kuvunja". Kifungu cha 304 kinatenganisha housebreaking na burglary. Burglary ni ile ya usiku.

Mikataba pia. Breach ni kukiuka mkataba: umekwenda kinyume na sharti. Terminate ni kuuvunja, yaani kuumaliza. Mteja akisema "amevunja mkataba", muulize kama mwenzake amekosea sharti au ameufuta. Nafuu anazoweza kudai mahakamani ni tofauti. Na tukisema Rais amelivunja Bunge, Kiingereza chake ni dissolve, kamwe si break.

Bi_Mkubwa_wa_Forodhani

Wanangu, mmesahau Ramadhani. "He broke his fast" kuna mbili. Jua limezama, mtu amekula tende: amefuturu, amefungua. Mchana kweupe bila udhuru: amekula mchana, saumu imebatilika, na mtaani ataitwa kobe. Tafuteni saa katika habari kabla ya kuandika.

Na kuvunja jungu, ule ulaji wa mwisho wa Shaabani, msiandike "breaking the pot", mtu atafikiri tunavunja vyombo. Elezeni ni karamu ya kabla ya mfungo.

Kalamu_ya_Mkaa

Shikamoo Bi Mkubwa, na shukrani. Hilo linanikumbusha kuvunja moyo. Kumvunja mtu moyo ni kumkatisha tamaa. Mwalimu anaweza kumvunja moyo mwanafunzi. "She broke my heart" ya mapenzi ni aliniumiza moyo. Ndugu hawa wawili wanafanana sura tu. Vivyo hivyo "break the ice": kuvunja ukimya, barafu iacheni friji.

"Break bread" kwenye maandiko tayari ina tafsiri iliyozoeleka. Matendo ya Mitume 2:42 inasema kuumega mkate, usibuni yako.

Fundi_Simu_K

Kwa ufupi: mteja wa kigeni akisema "it's broken", hajakuambia chochote. Inaweza kuwa kioo kimepasuka, waya wa chaji umekatika ndani, au simu haiwaki tu. Tunaandika "mbovu" kwenye risiti, kisha tunamuuliza: inawaka? Inaingiza chaji? Imeanguka au imeingia maji?