Mbwa wangu anabweka usiku kucha, majirani washanichoka, ushauri jamani

MtuWaMaweni: Habari za usiku. Niko Maweni hapa Malindi, nina mbwa dume, koko tu lakini mkubwa. Tangu Ramadhani iishe ni kubweka mpaka alfajiri, bodaboda ikipita yuko, mtu akikohoa njiani yuko, watu wakienda kuswali ndio balaa kabisa. Mzee jirani amelalamika sana na juzi akasema akirudi tena haji na maneno. Sitaki kumpiga. Anafundishwaje kunyamaza? Nikimfokea ndio anazidisha.

BintiShella: Ukimfokea anaona na wewe umejiunga. Ngoja anyamaze mwenyewe, hata kidogo tu, hapo hapo sema "kimya" umpe kipande cha samaki, halafu kila siku unachelewesha kidogo kumpa. Usimpe akiwa bado anabweka, utakuwa unamlipa kelele.

Ustadh_Barani: Sheria imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Huyo wako ni wa nini hasa? Na haki yake ya maji na kivuli anaipata?

BabaKadzo: Mimi wangu wa Msabaha asipobweka silali! Msimu wa maembe nyani walikuwa wanaingia shambani mchana kweupe, yule jike peke yake akawatoa wote, marehemu mama alikuwa anampikia ugali wake mbali. Mbwa anayebweka ni mali, yakhe, mshukuru Mungu.

MamaZuu: Kachanjwa? Sauti imebadilika, imekuwa ya kukwaruza? Hiyo ni dalili mojawapo ya kichaa cha mbwa, usichukulie mchezo. Na analala wapi?

MtuWaMaweni: Chanjo anayo, sauti ni ile ile. Analala nje.

MamaZuu: Nje wapi? Amefungwa?

MtuWaMaweni: Kwa mnyororo hapo getini. Mchana na usiku. Kabla hamjanihukumu, alitoka akamkimbiza mjukuu wa huyo mzee, mtoto akaanguka. HAKUMNG'ATA. Sasa ningemwacha huru aje aue mtu? Na nishalipa nusu ya kola ya shoti, ile inayompiga umeme akibweka, kwa jamaa wa Mombasa, inakuja na basi, kwa hiyo hilo limeisha, nauliza tu kuhusu mafunzo.

MamaZuu: Kumbe mzee hana shida na kelele, ana shida na mjukuu wake! Mtoto alikwaruzwa? Kama ngozi ilichubuka kwa jino au kucha, inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na anapelekwa hospitali, hata kama mbwa ana chanjo. Hili ungelisema mwanzo.

BintiShella: Na hiyo kola iache. Kila mtu akipita anachomwa, ataamua wapita njia ndio wanaomuumiza, aanze kung'ata kweli.

MtuWaMaweni: Pesa nishatoa lakini.

Kobe_wa_Gede: Mimi hii stori siielewi. Ilianza kelele, ikaja mnyororo, ikaja mtoto, ikaja kola. Na kwenye uzi wa kodi za nyumba huyu huyu alisema anakaa ghorofa ya tatu Ngala. Geti la nani hilo?

BabaKadzo: Aisee nimeukumbuka huo uzi! Alikuwa analia na landilodi.

MtuWaMaweni: Nilihama. Hapa ni kwa shangazi, mbwa ni wa marehemu mumewe. Mtu hawezi kuhama?

Ustadh_Barani: Basi sema mbwa wa shangazi, si "mbwa wangu".

Kobe_wa_Gede: Weka picha ya geti.

BintiShella: Mbishane tu, mbwa wa hivyo wapo mitaa yote. Mtoe getini mhamishie uani, akiwa haoni njia kelele zinapungua sana. Ziba uwazi wa geti kwa mabati au makuti. Jioni mtembeze ufukweni, kwa kamba, mpaka achoke. Mbwa aliyefungwa kutwa hana kazi nyingine usiku ila kubweka. Na nenda kwa mzee na shangazi, leo, ukamuulizie mtoto.

MtuWaMaweni: Uani hawezi kukaa, kuna kuku.

MamaZuu: Kuku wa nani?

MtuWaMaweni: Wa mzee. Wanaruka ukuta.

Kobe_wa_Gede: Haya, sasa tuambie wamebaki wangapi.