Siagi ya njugu hapa Kisumu: ushauri nitafute ofisini, chamani au kwa aliyetangulia?

NjuguManyatta
Hamjambo wadau. Niko Manyatta. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiuza njugu za kukaanga, zile za vikaratasi, na nimefanikiwa kuweka shilingi 60,000. Sasa nataka kutengeneza siagi ya njugu na kuiuza kwa chupa za gramu 400. Njugu nazifahamu, kukaanga nakufahamu. Nisichokifahamu ni kila kitu kinachokuja baada ya hapo: leseni, lebo, alama ya ubora, kodi, bei ya kuuzia maduka.

Nimezunguka wiki mbili kuuliza. Niliyoyapata ni haya.

Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, nilisaidiwa kupata PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, na nikaonyeshwa jinsi ya kusajili jina la biashara kwenye eCitizen, tovuti ya serikali. Kazi nzuri na ya haraka, lakini huko unasaidiwa stakabadhi tu, hakuna wa kukaa nawe akuulize utauzia nani.

Nimesikia pia kuhusu MSEA, ile mamlaka ya biashara ndogo iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda ambayo ina kituo hapa Kisumu. Huko kote sijafika bado.

Chama chetu cha kina mama tuko kumi na mbili. Wananiambia niwe kikundi nao tuombe mkopo wa serikali kwanza, ushauri utafuata.

Halafu kuna bwana mmoja wa mjini anayeandika mipango ya biashara kwa 15,000. Anasema bila mpango ulioandikwa vizuri hakuna ofisi itakayonisikiliza.

Nyinyi mliopita njia hii, mngeanzia wapi? Nina miezi miwili kabla ya kodi ya nyumba na karo kuanza kuzila hizi pesa.

Nyalenda_Sabuni
Dada, hiyo 15,000 usiitoe. Mimi nilimlipa mtu kama huyo nilipoanza sabuni ya maji. Niliandikiwa kurasa 34, jalada la plastiki, michoro ya rangi. Nilipokaa kusoma vizuri nikakuta mahali pamoja wameandika "mifugo" badala ya "sabuni". Ulikuwa mpango wa mtu wa kuku, jina langu likabandikwa juu. Nililia siku hiyo, kwa sababu pesa zile zilikuwa za madumu na kemikali.

Mpango andika mwenyewe kwenye daftari. Utanunua wapi, kwa bei gani, utauza wapi, kwa bei gani, kinabaki nini. Ukishindwa kujaza mstari mmoja, hilo ndilo swali la kupeleka ofisini.

Kakamega_Kijana
Naheshimu maoni ya waliotangulia, lakini mimi nasema usidharau chama. Uwezo Fund, mfuko wa serikali wa vikundi, hutoa kati ya 50,000 na 500,000 kwa kikundi, hakuna riba, kuna ada ya asilimia 3 tu, na mnapewa miezi sita kabla ya kuanza kulipa. Mfuko wa Wanawake nao uko tangu 2007, na huko kikundi hufunzwa kwanza kabla ya kupewa pesa. Hayo mafunzo ndiyo ushauri wenyewe unaoutafuta! Kikundi chetu tulifunzwa kuweka kumbukumbu za mauzo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuonyesha.

Mko kumi na wawili, na sheria ya 2022 ya kusajili vikundi vya jamii inataka watu kumi kwenda juu. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mkasajili. Ukiwa na haraka kuna Hustler Fund, mkopo wa serikali kwa simu, unabonyeza *254# na unapata siku hiyo hiyo.

MamaKibuye
Mwanangu wa Kakamega, umesema vizuri kuhusu mafunzo. Lakini mkopo wa kikundi ni wa kikundi. Kama wenzake kumi na mmoja hawatengenezi siagi, pesa zitagawanywa: huyu omena, yule mitumba, na deni litabaki la wote. Nimeliona hilo mara nyingi mno. Chama kizuri ni cha akiba na cha kukopeshana wenyewe.

Sasa wewe wa Manyatta, mimi nauza nafaka na njugu soko la Kibuye mwaka wa kumi na saba huu. Kabla ya ofisi yoyote, hebu niambie: gorogoro moja, kile kipimo cha mkebe, ya njugu wewe unapata chupa ngapi?

NjuguManyatta
Shikamoo mama. Gorogoro ni kilo mbili, kwa hiyo chupa tano za gramu 400. Njugu nanunua 450, makaa 40, kusagiwa 60, chupa tupu 35 kila moja, lebo 10. Jumla 775, yaani 155 kwa chupa. Duka limekubali kuchukua kwa 190. Nabaki na 35 kila chupa.

MamaKibuye
Marahaba. Hiyo tano ni ya karatasini. Mimina gorogoro yako kwenye uteo uchambue. Utatoa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye doa jeusi, na vijiwe. Ukikaanga, maji yanatoka, uzito unashuka. Ukipeta, maganda yanaruka. Kinu nacho kinabaki na chake kwenye kuta, na hicho hakikwangiki chote. Ukipata chupa nne umefanya kazi safi.

Piga tena. 450, makaa 40, kusaga 60, chupa nne 140, lebo 40. Ni 730. Gawa kwa nne: 182 na nusu. Duka linakupa 190. Umebaki na shilingi saba na nusu, na hapo hujalipa boda ya kupeleka wala hujajilipa wewe mwenyewe uliyekaa moshini.

Njoo Kibuye Jumapili asubuhi mapema, soko likiwa kubwa. Usinunue gorogoro gorogoro, nunua gunia, na uliza njugu zimetoka wapi na zilianikwa juu ya nini. Za Ndhiwa zikifika zimekauka vizuri utazijua, ukizitikisa kwenye maganda zinalia. Nitakuonyesha.

NjuguManyatta
Mama, nimepiga hesabu mara tatu na umesema kweli. Mikono imenitetemeka kidogo. Nilikuwa nimepanga chupa mia tano za kwanza.

AfyaKwanza_Siaya
Naomba nizungumze kama mtu aliyefanya kazi ya afya ya umma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mama Kibuye ameuliza njugu zilianikwa juu ya nini, na hilo swali lina uzito kuliko faida.

Njugu zikianikwa chini kwenye udongo, au zikiwekwa ghalani na unyevu, huota kuvu wanaotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini, na ukiila kidogo kidogo kwa miaka inaweza kuleta saratani ya ini. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga kunaipunguza, lakini hakuiondoi yote. Na siagi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu punje mbaya ukiila nzima unaionja uchungu na kuitema, lakini ikishasagwa pamoja na nzuri huioni wala huionji. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 kwa kilo, na punje chache zilizooza zinaweza kuharibu mtungi mzima.

Kwa hiyo kuchambua usikuone kama hasara ya uzito. Punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye unga wa kijani, itupe, na usimpe kuku. Hifadhi njugu zikiwa na unyevu chini ya asilimia 8, juu ya mbao, si sakafuni.

Ndiyo maana kwa biashara yako wewe, dada, mimi ningeanza na KIRDI na KEBS, shirika la viwango, kabla ya mtu yeyote wa mikopo. KIRDI uwaulize kuhusu mashine, upakiaji na jinsi ya kufanya siagi isitoe mafuta juu. KEBS uwaulize kuhusu kipimo cha maabara na alama ya ubora, ambayo ni lazima kwa bidhaa inayotengenezwa nchini. Wana mpango wa wafanyabiashara wadogo ambao ada yake ni nafuu. Na wewe na yeyote atakayeshika njugu hizo mtahitaji cheti cha afya, na mahali pa kazi pakaguliwe na maafisa wa kaunti. Kutengenezea jikoni unakopikia watoto hakutapita.

Wa_Ahero
Nafuatilia hapa. Mimi ni wa mchele lakini haya mambo ya unyevu yananihusu sana.

Hesabu_Milimani
Nifafanue kodi kidogo maana wengi huogopa bure. Kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3, inaanza pale mauzo yako ya mwaka yanapopita shilingi 1,000,000. Hapo ni kama 83,000 kwa mwezi. Uko mbali nayo kwa sasa. Ila kumbuka inatozwa kwenye mauzo yote, si kwenye faida. Kwa bei yako ya 190, asilimia 3 ni shilingi 5 na senti 70, na faida yako kwa hesabu ya mama Kibuye ni 7.50. Panga bei ukijua hilo litakuja. Na kwa kuwa una PIN, tuma ripoti kwa KRA kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka hata kama hujauza kitu, maana faini ya kutotuma huja hata kwa asiye na mapato.

Kuhusu Hustler Fund, riba ni asilimia 8 kwa mwaka. Ukikopa 10,000 kwa siku 14 riba ni kama shilingi 31, hakuna mkopo wa simu utakaoshinda hapo. Asilimia 5 inaenda akiba yako, kwa hiyo mkononi unapata 9,500. Tatizo lake si bei bali ni muda. Duka likikuambia litakulipa baada ya siku 30, na mkopo unadaiwa baada ya siku 14, utaulipa na nini wakati pesa za duka zinakuja siku 16 baadaye? Huo mkopo unamfaa anayenunua nyanya asubuhi na kuziuza jioni. Mtengenezaji anayeuza kwa maduka haumfai, labda ukipata oda yenye malipo ya papo hapo.

Na tenga pesa za biashara na za nyumba. Biashara iwe na tili yake ya M-Pesa, namba ya kupokea malipo, mbali na laini yako. Mtu akija kukushauri baadaye, ataangalia miamala hiyo.

Kakamega_Kijana
Hesabu, nakubali kuhusu siku 14, sikuwa nimeliangalia hivyo. Ila kwa walio chini ya miaka 30 wanaosoma hapa, mradi wa NYOTA unaofadhiliwa na Benki ya Dunia unatoa ruzuku, si mkopo, na una mafunzo ndani yake. Fuatilieni matangazo katika wadi zenu.

NjuguManyatta
Nina 41 😊 lakini mdogo wangu nimemwambia.

Nyalenda_Sabuni
Niongeze kimoja ambacho kilinisaidia mimi. Nilimwomba mama mmoja wa sabuni nikae naye wiki mbili, nimsaidie kazi bila malipo. Hakuwa mtaa wetu, alikuwa mji mwingine, kwa hiyo hakuona kama nitamnyang'anya wateja. Siku ya tatu niliona jinsi anavyojibu duka linapotaka kuchukua mzigo kwa deni. Alisema, "Chukua chupa sita, ukiuza nitaleta kumi na mbili." Akaondoka bila kubishana. Hilo sikulipata kwenye semina yoyote. Tafuta mtu wa siagi Busia au Kakamega.

Kakamega_Kijana
Hapa kwetu kuna mama anasaga siagi karibu na soko. Nitamuuliza akikubali nikutumie ujumbe faraghani.

NjuguManyatta
Asanteni sana wote. Nimeyaandika kwenye daftari.

Wa 15,000 nimemwambia hapana leo asubuhi. Chamani nitakuwepo kwa akiba, na nimewaambia kina mama tusajili kikundi bila kukimbilia mkopo. Wawili wamenuna, tutazungumza.

Jumapili niko Kibuye na mama. Nitanunua njugu za kilo kumi tu, nichambue, nipime kabla na baada, niandike zimebaki ngapi. Zile chupa nitakazopata nitauza mwenyewe kwa majirani kwa 250, pesa mkononi, nione kama watarudi. Wiki inayofuata nitaingia KIRDI na maswali matatu: kinu kidogo cha kunifaa, mafuta kupanda juu, na kama naweza kufanyia kazi kwao nikitafuta chumba. KEBS nitapeleka sampuli baada ya hapo.

Mama, Jumapili nikuulizie nani pale Kibuye?

MamaKibuye
Ingilia upande wa nafaka, uliza mama wa uteo mwekundu. Uje na mfuko wako na mzani wa jikoni kama unao. Na ule kabla ya kuja, tutachambua mpaka saa sita.