Led Zeppelin II: waliazima au waliiba?

Wakuu, nimeirudia albamu ya pili ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, ile ya Oktoba 1969, na ubishi wa zamani umefufuka. Kuna wanaosema hawa vijana wa Uingereza waliwaibia Weusi wa Chicago. Wengine wanasema bluzi ni ya wote, kila mwanamuziki huchota.

Mimi kuchota hakunisumbui, hata wakongwe wa bluzi walichotana. Shida yangu ni jina la mtunzi kwenye albamu. Albamu yao ya kwanza ilitoka Januari mwaka huohuo ikiwa na nyimbo mbili za Willie Dixon, mtunzi wa bluzi wa Chicago, na jina lake wakaliandika. Oktoba wanafungua na "Whole Lotta Love", yenye maneno ya "You Need Love" ambao Dixon alimtungia mwimbaji Muddy Waters mwaka 1962. Jina hakuna. Wanafunga na "Bring It On Home", wimbo wa Dixon aliourekodi Sonny Boy Williamson. Wakaongeza roki katikati, jina wakaondoa. "The Lemon Song" nayo imebeba "Killing Floor" ya mwanabluzi Howlin' Wolf.

Aliyeandika jina Januari asiniambie Oktoba hakujua. Nasema ni wizi. Bisheni.

NYUZI SITA: Mkuu, umesikiliza maneno, gitaa hujalisikiliza. Ule mpigo wa Jimmy Page, mpiga gitaa wa Zeppelin, kwenye "Whole Lotta Love" haumo kabisa kwa Muddy Waters. Ngoma za mwenzake John Bonham je? Toa maneno yote, bado una wimbo. Na bendi ya Small Faces waliuimba huo wa Dixon 1966 kwa jina la "You Need Loving", nao bila kumtaja Dixon. Mbona hao hamuwasemi? Dixon alistahili sehemu yake, sikatai. Ila neno wizi ni kubwa mno.

MAMA SANTURI: Nyie mnabishania gitaa, mie nauliza hela zilienda wapi. Waliodai mwanzo, wakalipwa 1972, ni Arc Music, kampuni ya hakimiliki ya wenye Chess Records, lebo iliyowarekodi wanabluzi hao. Haohao ndio Dixon na Muddy Waters walikuja kuwashtaki miaka ya 1970 kwa kuwapunja mirabaha! Watunzi wamebanwa huku na huku, na kelele zote mnawapigia Wazungu wa gitaa peke yao.

MLETA MADA: Mama Santuri, la Arc nakubali, ila haliwasafishi Zeppelin. Kwa "Whole Lotta Love" Dixon alilazimika kushtaki mwenyewe 1985, wakamalizana nje ya mahakama 1987. Miaka 18 wimbo unauzwa dunia nzima! Small Faces nao wana kosa, lakini wimbo wao haukuuzwa hata robo ya huo.

Na Nyuzi Sita, hiyo "sehemu yake" ni kiasi gani? Robo? Nusu? Taja, tusiende kwa mafumbo.

NYUZI SITA: Nusu. Maneno ya Dixon, muziki wa Zeppelin. Haya, nipingeni.