Tupeane uzoefu: Seconds Out ya Genesis ilikunasa vipi?

Habari zenu wadau. Najua wapenzi wa roki ya aina hii tuko wachache, maana wimbo wa dakika ishirini na kitu unataka subira. Mimi albamu hii ya laivu ya 1977 ndiyo iliyonitia kwenye bendi ya Genesis, kabla sijasikia hata moja ya studio. Kila mmoja aseme aliipataje na alinaswa wapi.

Naanza. Nilikuwa nimepanga chumba Leicester, mwaka wangu wa kwanza Uingereza. Mzee mwenye nyumba alikuwa na santuri zake sebuleni, na jioni moja akaweka upande wa tatu wa albamu hii (ni santuri mbili), ambao wote ni wimbo mmoja, Supper's Ready. Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Unaanza kwa magitaa na sauti ya chini, unapotea, unarudi, halafu mwishoni ile tuni ya mwanzo inarejea imejaa kinanda na dramu. Nilisimama mlangoni na mikono yenye povu mpaka watu wakaanza kushangilia. Mzee hakusema neno, akanionyesha kiti.

Fimbo Mbili, Nairobi
Mimi ni dramu tu. Mwimbaji wao Peter Gabriel alishaondoka 1975, mpiga dramu Phil Collins akachukua uimbaji, kwa hiyo jukwaani wakamhitaji mpiga dramu mwingine. Collins alimchukua Chester Thompson baada ya kumsikia kwenye albamu ya laivu ya mwanamuziki Frank Zappa, pale dramu mbili zinapoporomoka pamoja. Mporomoko huohuo ndio wanaoupiga mwishoni mwa wimbo wa Afterglow. Mimi na rafiki yangu tuliufanyia mazoezi wiki tatu tukitumia seti mbili za kanisani, na siku tulipotua pamoja kwa mara ya kwanza nilihisi sakafu inatetema. Sijawahi kuacha kuupenda. Halafu sikilizeni The Cinema Show: hiyo ni ya mwaka uliotangulia, 1976, na pale dramu ni za Bill Bruford, si Thompson.

Mama Kinanda
Samahani wapendwa, mimi nitapinga kidogo. Ule wimbo wa Firth of Fifth hapa umeanza moja kwa moja kwenye kuimba, ule utangulizi wa piano wa Tony Banks haupo. Mimi ndio ulionifanya nijifunze piano nikiwa na miaka kumi na minne! Mara ya kwanza nilidhani nakala yangu ina kasoro. Ila gitaa la Steve Hackett katikati limenisamehesha. Noti inavutwa ndefu, na chini yake bendi nzima inapanda taratibu. Toleo la studio ni zuri, lakini hili lina upana wa ukumbi.

Mwanzisha mada
Dada, hapo kwenye piano sikubishii. Hewa ya ukumbi ndiyo inayonirudisha mimi pia. Sehemu kubwa ilirekodiwa Paris, Palais des Sports.

Upande B
Yangu ilikuwa kanda, miaka ya themanini, Mombasa. Kaka yangu aliirekodi kutoka santuri za rafiki yake, akaniachia alipokwenda Muscat kufanya kazi. Kanda ya dakika 90, na albamu yenyewe inapita 95, kwa hiyo wimbo wa mwisho, Los Endos, ulikuwa unakatika katikati ya mbio zake. Nilizoea hivyo. Kwangu wimbo ulikuwa unaishia pale, klaki, kimya. Hackett naye aliiacha bendi albamu hii ikiwa bado inachanganywa sauti studio, nikalijua hilo baadaye sana, na kila nikimsikia nilikuwa namfikiria kaka.

Miaka kumi na moja ikapita ndipo nikaenda kumtembelea. Alikuwa amenunua sidii. Tulikaa chini sebuleni kwake, shemeji ameshalala, tukaisikiliza yote. Ilipofika pale kwenye klaki yangu, muziki ukaendelea. Kaka akanishika bega. Tukasikia mwisho wake, halafu watu wa Paris wakapiga makofi.