"Fungua na Notepad"! Yaani mtu mzima anakujibu hivyo mbele ya watu?

Wakuu, simtaji. Mnamjua. Yule anayejibu swali kabla hujamaliza kuliandika, mwenye picha ya miwani nyeusi.

Natafsiri Pokémon FireRed ya GBA (Game Boy Advance, kile kifaa cha michezo cha Nintendo) kwa Kiswahili, wadogo zangu waicheze. Nikauliza kistaarabu grupuni: kwa kubadili maneno ndani ya ROM (faili la mchezo wenyewe) nishike WindHex, kihariri cha baiti, na faili la tebo linalosema kila baiti ni herufi gani, au nihamie HexManiacAdvance, kihariri cha Pokémon, moja kwa moja? Bwana mkubwa huyo: "Fungua na Notepad, futa, andika, seva. Acheni kukuza mambo." Akamwaga na vicheko vya manjano mpaka simu ikapata joto.

NOTEPAD! Mchezo wenyewe herufi A umeihifadhi kama baiti BB (namba za heksa hizo), a ndogo ni D5, mwisho wa maandishi FF. Notepad itakuonyesha takataka tupu, na ukithubutu kuseva inavuruga baiti, hiyo ROM katafute sanda. Watu wanakesha na programu ya Monkey-Moore kusaka herufi zilipojificha, yeye amelala chali anasema Notepad.

Eti nakuza mambo! BAG ni herufi 3, MFUKO 5. SAVE ni 4, HIFADHI 7. Zinazozidi zikakae wapi, kwa mjomba wake? Inabidi uyahamishie maandishi penye nafasi, kisha urekebishe pointa, ile anwani inayouambia mchezo maandishi yalipo, baiti 4 zilizoandikwa kinyumenyume. Notepad inaijua pointa?

Na grupu zima likacheka. Hata admini! Notepad, jamani. Notepad!

Mzee wa Heksa: Nimesoma yote. Sasa Notepad imekukosea nini? 😂

Dada Baiti: Pole mkuu. Chukua HexManiacAdvance. Ukizidisha maneno inayahamisha yenyewe, pointa inarekebisha yenyewe.

kipusa_wa_SNES: Msimdekeze. Hiyo ni ya Pokémon za GBA. Akigusa mchezo wa SNES, mashine ya zamani ya Nintendo, atafungua uzi mwingine wa kilio. Ajifunze Cartographer ya kutolea maandishi na Atlas ya kuyarudishia.

Mzee wa Heksa: Atlas ile ya skrini nyeusi? Mke wangu aliniona nayo akadhani naiba benki.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Kasema NOTEPAD. Mbele ya watu.

tumbo_joto: Umeumia wewe 😂 Angekwambia Excel si ungelazwa?

Fundi Njaa: Mimi mbaya wangu ni antivairasi. Nikishusha kihariri tu inafuta, eti kirusi. Bando langu nani analipa?

tumbo_joto: Bando usinikumbushe. GB nzima imeyeyuka nimelala.

Dada Baiti: Zima apdeti za Windows, ndizo zinakula.

Fundi Njaa: Laptop yangu haina hata pa kuiweka hiyo apdeti. Naiuza. i3, RAM 4, betri ya kubahatisha.

kipusa_wa_SNES: Bei?

Fundi Njaa: Njoo inboksi.

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu.

Mzee wa Heksa: Subiri kwanza mkuu. Fundi, hiyo betri ya kubahatisha inakaa dakika ngapi?