Naomba ushauri: nataka kuitisha kikao cha kuzungumzia kifo barazani kwa mama, Muheza

BintiBonde
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mdada, niko Uingereza mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni kulea wazee. Alhamisi ijayo nakuja nyumbani, na kuna jambo linaninyima usingizi.

Huku kuna vikao vinaitwa Death Cafe. Watu hata hawajuani, wanakutana, wanakunywa chai na keki, wanazungumza kuhusu kifo. Hakuna mada iliyopangwa, hakuna anayehubiri, hakuna anayetafuta faida. Wazo lilitoka kwa Mswisi, Bernard Crettaz, mtaalamu wa elimu ya jamii, aliyefanya cha kwanza mwaka 2004 mjini Neuchâtel. Jon Underwood akalipenda, akafanya chake nyumbani kwake Hackney, London, Septemba 2011. Kuanzia hapo vikasambaa.

Nimehudhuria mara nne. Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango ili nikishindwa nitoke. Bibi mmoja akasema akifa avishwe soksi za sufu, maana maisha yake yote miguu haijawahi kupata joto. Watu wakacheka, na yeye akacheka, halafu akaanza kulia, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Mimi kwetu sijawahi kuona mtu akiachwa alie hivyo kabla msiba haujatokea.

Nataka kufanya kitu kama hicho barazani kwa mama. Wanawake kumi na wawili wa kikoba chake, chai ya tangawizi, bagia. Nianzeje ili wasione nawaletea uchuro?

Mpiga Makasia
Dada, uchuro ndiyo huo sasa. Kwetu Pangani ukitaja kifo cha mtu mbele yake unaambiwa tema mate chini.

Ibn Said
Assalaam alaykum. Haya mambo dini imeshayamaliza, hatuhitaji Mswisi. "Kila nafsi itaonja mauti." Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wosia wake uwe umeandikwa. Wosia usizidi theluthi ya mali, na mrithi hausiwi. Waite darsa, mwalike ustadhati awasomee, wale bagia zao waende nyumbani.

Wakili wa Kijiweni
Naongezea kwa Ibn Said. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika wosia na wanautunza. Msingoje mgonjwa afike hatua ya kuweka dole gumba bila kujua anachowekea. Nimeona familia zinagawanyika kwa sababu ya shamba la minazi lisilozidi ekari mbili.

Mtani wa Watu
Nani kasema kwetu kifo hakizungumzwi? Mmesahau utani? Babu yangu alipofariki, mtani wake alivaa koti la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akaanza kudai madeni ya pombe ambayo marehemu hakuwahi kulipa. Mwingine akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe hela. Bibi alikuwa hajala siku mbili. Alicheka mpaka akaomba maji, akanywa, na jioni akala ugali. Waite watani, dada. Keki haihitajiki.

Mama Wawili
Mtani, hao wanakuja mtu akishakufa. Yeye anazungumzia kabla.
BintiBonde, pole na safari mdogo wangu. Ila mbona haraka hivi? Nani anaumwa?

BintiBonde
Ahsanteni wote. Mama hayuko vizuri kidogo, umri nao umeenda, ana miaka 68. Ila siyo hoja. Hoja yangu ni namna ya kufungua mazungumzo.

Mama Wawili
"Hayuko vizuri kidogo" ni nini? Presha? Sukari? Miguu? Nauliza kwa sababu ushauri wa mtu mzima wa afya na wa mgonjwa haufanani.

Mpiga Makasia
Na mimi nimegugo huyo Underwood wako. Amefariki 2017, ghafla, ana miaka 44. Umeona sasa? Kakiita kikaitika.

BintiBonde
Mpiga Makasia, tafadhali. Watu wa miaka 44 wanakufa kila siku bila kuwahi kutamka neno kifo.

Mama Wawili, sawa. Ni saratani ya shingo ya kizazi. Daktari alisema imeshasambaa, wamrudishe nyumbani. Hiyo ni tangu Machi.

Mama Wawili
Pole sana mdogo wangu. Na yeye mwenyewe anasemaje?

BintiBonde
Hajui. Kaka yetu mkubwa aliongea na daktari peke yake, akaamua tumwambie ni uvimbe wa kawaida, utaisha kwa dawa. Mimi nilikubali. Nilikuwa mbali, ningesema nini? Kila Jumapili ananiuliza kwenye simu, "Mwanangu, mbona uvimbe wenyewe hauishi?" Namwambia avumilie, dawa zinafanya kazi taratibu.

Ndiyo maana nimefikiria kikao. Wenzake wakizungumza mazishi yao wanavyoyataka, na yeye atasema ya kwake, bila mtu kumwambia anakufa. Nimeshamtumia mwenyekiti wa kikoba hela ya bagia na viti. Wameshaambiwa ni Jumamosi saa kumi.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, nimefanya kazi ya tiba shufaa, yaani kuwapunguzia maumivu wagonjwa wa maradhi mazito, kwa miaka mingi, na Muheza naifahamu, enzi zetu timu ya pale ilikuwa inawafuata wagonjwa majumbani. Nitasema wazi, unisamehe.

Hivyo vikao ulivyovisifu vina sharti moja kubwa: mtu hapelekwi kwenye uamuzi wowote. Anasema anachotaka na anaondoka nacho. Hicho chako ni mtego uliowekewa bagia. Watu kumi na wawili watakuwa wanajua kwa nini wamekaa pale, na mmoja tu, mwenye ugonjwa wake, ndiye hajui. Sasa fikiria akigundua katikati ya kikao, mbele za watu, kikombe kiko mkononi.

BintiBonde
Mama Nesi, nimekuelewa, lakini siyo mtego. Kumi na moja kati yao hawajui lolote, anajua mwenyekiti tu. Na nimeshalipa. Na kaka amesema nikithubutu kumwambia mama ukweli nisikanyage kwake. Nifanyeje? Hii ndiyo njia pekee ambayo haimvunji mtu.

Fundi Kabati
Baba yangu tulimficha ini miezi minne. Siku ya mwisho akamwita mdogo wangu akamwambia, "Nyie watoto mnadanganya vibaya sana, hata kuigiza hamjui." Tulijisikia vibaya mno. Tangu siku hiyo nikitengeneza jeneza huwa najiuliza huyu naye aliambiwa au alifichwa.

Ibn Said
Allah amrehemu, Fundi. Mimi sikujua kama kuna mgonjwa. BintiBonde, nafuta yale ya darsa. Nenda kwa mama yako kwanza.

Mchunguzi Huru
Wakuu, mnalishwa chai. Nimepekua nyuzi za huyu dada. Mwaka 2021 aliandika hapahapa: "Nimempoteza mama, niombeeni." Leo mama yuko hai, ana miaka 68, anasubiri bagia. Mama anakufa mara ngapi? Ama anatangaza hivyo vikao vyake, ama kuna shamba hapo analitafutia wosia kijanja.

Mpiga Makasia
Duh. Nilikuwa nimeshaanza kuhuzunika.

Wakili wa Kijiweni
Hoja ya Mchunguzi ijibiwe. Dada, kuna mali?

Mama Wawili
Jamani, mtu ana mama mmoja tu? Nyie mmelelewa wapi?

BintiBonde
Nimekaa na simu nusu saa nikitaka kuondoka humu. Nitajibu mara moja tu.

Wa 2021 ni mama mkubwa. Dada yake mama, tumbo moja. Ndiye aliyenilea kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, na sikuwahi kumwita jina lingine zaidi ya mama. Alifia Dar. Watoto wa mume wake wakataka azikwe Kilosa kwa baba yao, sisi tukasema anarudi Muheza. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Mama wa Kiislamu akakaa mochwari siku tatu watu wakigombana kwenye kundi la WhatsApp. Nilikuwa zamu ya usiku, nimejifungia chumba cha kufulia, nakunja mashuka ya wazee wa watu huku simu inawaka na kuzima. Mtu akarekodi sauti akasema, "Huo mwili unaharibika, amueni." Huo mwili ndio ulionisuka nywele.

Alizikwa Kilosa. Mama yangu hakwenda. Alisema hana nauli, na nauli ilikuwepo.

Kuna nyumba, ndiyo, ya vyumba vitatu, aliijenga mwenyewe kwa kuuza machungwa. Siitaki. Nataka tu kujua anataka alale wapi, na nimsikie akisema kwa mdomo wake.

Mchunguzi Huru
Samahani dada. Kwa kweli samahani.

Nesi Mstaafu
Sasa ndiyo umeeleza. Ungeanza na hili.

Sikiliza mwanangu. Wakati UKIMWI ulipokuwa unamaliza watu, wanawake wa Uganda wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Baba yako ni nani, ulizaliwa wapi, ulipenda kula nini, ukoo wetu unatoka wapi. Nilishawahi kushika kimoja, daftari la kawaida la shule, picha imebandikwa kwa gundi ya ugali. Kilichonigusa ni kwamba mama aliandika akiwa na mtoto kando yake. Hakikuwa kikao, walikuwa watu wawili na kalamu.

Usimwambie mama ugonjwa wake. Muulize. "Mama, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?" Halafu unyamaze. Usijaze ukimya, hata ukikuuma. Akisema hataki kujua, hiyo ni haki yake, uishie hapo. Na umuulize pia maumivu. Wengi wanavumilia wakidhani ndiyo ugonjwa ulivyo, na morfini ya maji ipo kwa ajili yao.

Swali moja: ana sanduku?

BintiBonde
Analo, la bati, chini ya kitanda. Kwa nini?

Nesi Mstaafu
Uliwahi kuona ndani yake?

BintiBonde
Mwaka jana nilitafuta humo shuka. Kulikuwa na bafta jeupe limekunjwa, pamba, na ubani kwenye kikopo cha maziwa. Nilidhani kaweka kwa ajili ya misiba ya watu.

Ee Mungu.

Fundi Kabati
Anajua.

Mama Wawili
Nimesisimka. Mpigie, mdogo wangu. Leo.

Mpiga Makasia
Tunasubiri mrejesho, dada. Na yale ya kuitika nimeyafuta.

BintiBonde
Mrejesho.

Nimempigia leo alfajiri, baada ya swala yake. Shikamoo, marahaba, za huko. Nikamuuliza vilevile kama Mama Nesi alivyosema. Alinyamaza. Nikasikia jogoo wa jirani, nikasikia kitanda kinalia. Nikabana mdomo kwa mkono nisije nikasema neno. Kisha akamwambia mtoto wa dada yangu, "Toka, na ufunge mlango."

Tumeongea dakika arobaini. Mengi sitayaandika. Alijua tangu Machi, aliona kaka alivyotoka chumba cha daktari. Bafta alilinunua 2021, wiki mama mkubwa alipozikwa, na hela yake ndiyo ile nauli.

Nikamweleza kuhusu kikao. Akacheka, kicheko chake kabisa. Akasema, "Nani kakwambia sisi hatuzungumzi? Tuko wanne pale kikobani tulishapangana zamani nani atamwosha nani. Wa kwangu mimi ni mama Zuhura, mikono yake ni laini." Miaka yote hiyo wanakaa barazani wanachambua mchele, mimi nadhani wanasengenya.

Atalala Muheza, chini ya mwembe, upande wa mama yake. Jumamosi waje tu, bagia zisipotee, ila nisiseme kitu. Maumivu ni ya usiku. Hilo hakuna aliyekuwa anajua.

Lakini amenifunga na jambo moja. Kaka asijue kwamba yeye anajua. "Yule mtoto ataumia, anajiona ananibeba."

Kwa hiyo nimetoka kwenye siri moja nimeingia nyingine. Kaka ndiye anayekuja kunipokea uwanja wa ndege. Kutoka Dar mpaka Muheza ni saa tano, sita, tuko wawili tu garini. Nimwambie?

Ibn Said
Siri ya mama ni amana.

Wakili wa Kijiweni
Na mashahidi wa hayo ya mwembe ni akina nani? Yakibaki kwako tu, Kilosa itajirudia.

Mama Wawili
Wakili naye ana hoja. Lakini amana, jamani.

Nesi Mstaafu
Usimwambie. Mkishapita Chalinze, barabara ikitulia, muulize: "Kaka, na wewe unalibebaje hili?" Halafu unyamaze.