NSE imepanda: ubashiri mbaya au sampuli mbovu?

Swali: Saratani ya mapafu ya seli ndogo, NSE (aina ya enolesi, alama ya uvimbe inayopimwa kwenye damu) 38 ng/ml, yaani juu; proGRP (alama nyingine ya saratani hiyo) kawaida. Je, NSE pekee yatosha kusema ubashiri ni mbaya?

Jibu: Hapana. Tazama kwanza rangi ya seramu. Ikiwa na wekundu, hata hafifu, chembe nyekundu zimepasuka na kumwaga enolesi yake humo; namba hiyo itupwe. Chukua damu upya, mrija usitikiswe, seramu itenganishwe kwa sentrifuji ndani ya saa 1. Chembe sahani nazo huvujisha NSE zikikawia.

Jibu: Na proGRP ipimwe kwenye plazma ya EDTA (kizuia mgando cha damu). Katika seramu thrombini (kimeng'enya cha kugandisha damu) huikatakata, ikashuka ilhali uvimbe uko palepale. Figo zikidhoofika proGRP hupanda, basi isomwe pamoja na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo).

Muulizaji: Kweli, seramu ilikuwa na wekundu. Na saratani ya mapafu isiyo ya seli ndogo?

Jibu: Hapo CYFRA 21-1, alama nyingine ya uvimbe katika damu, ndiyo ya kutegemea zaidi, lakini ikisomwa kando ya hatua ya ugonjwa, kamwe si badala yake. Kikomo kinachotumika sana ni 3.3 ng/ml. Jihadhari na mate: tone moja kwenye sampuli huipandisha. CEA, alama nyingine inayopimwa, huwa juu kidogo kwa wavutaji sigara hata bila saratani.